Mgonjwa wa Mapafu Asikalishwe Tu: Mazoezi ya Nyumbani ya Kumrudishia Nguvu

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Rangwe. Leo nazungumza na wewe mama, wewe dada, wewe mke wa mwana, na yeyote anayemtunza mtu anayehema kwa shida nyumbani. Weka daftari na kalamu karibu, kwa sababu kuna hesabu ndogo ndogo za kuandika.

Katika boma nyingi tunazotembelea, mgonjwa wa kifua tunamkuta ameketi kivulini tangu asubuhi. Maji analetewa. Chakula analetewa. Akitaka kuinuka, watu wote wanapiga kelele: "Mzee, keti! Kifua kitakushika!" Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini baada ya miezi michache, mtu aliyekuwa akifika sokoni kwa miguu hawezi hata kwenda chooni peke yake. Watu husema ugonjwa umezidi. Mara nyingi si mapafu yaliyozidi kuharibika. Ni miguu iliyokufa nguvu kwa kukalishwa.

Basi ujumbe wetu wa leo ni huu: mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anahitaji kutembea na kufanya mazoezi kila wiki, kwa kipimo. Na wewe mlezi unaweza kumsaidia nyumbani, bila mashine na bila gharama kubwa.

UGONJWA SUGU WA MAPAFU NI NINI?

Ugonjwa sugu ni ule usioisha kwa dozi moja ya dawa. Mtu anaishi nao, na anajifunza kuutawala. Katika mapafu, njia za hewa huweza kuwa nyembamba na kujaa makohozi, au mapafu yenyewe huwa na makovu. Hewa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Mgonjwa anakohoa kwa miezi, anakoroma kifuani, na anahema akipanda kilima au akibeba mzigo.

Je, ugonjwa huu unatoka wapi hapa kwetu? Sababu ni nyingi.

Ya kwanza ni moshi wa jikoni. Mama anayepika kwa kuni katika jiko la mawe matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, anavuta moshi kila siku tangu utotoni. Wale wanaokausha samaki kwa moshi kando ya ziwa wanavuta moshi zaidi.

Ya pili ni sigara na tumbaku.

Ya tatu ni kifua kikuu, yaani TB. Mtu anamaliza dawa, anapimwa na kuambiwa amepona, lakini makovu yanabaki ndani ya mapafu. Kila akifanya kazi anahema.

Ya nne ni vumbi la kazini. Wanaochimba na kusaga mawe ya dhahabu kama kule Macalder, Migori, huvuta vumbi la mawe ambalo halitoki tena kifuani.

Ya tano ni pumu isiyotibiwa vizuri kwa miaka mingi.

Ugonjwa wa kuziba kwa njia za hewa, ambao hospitalini huitwa COPD, uliua watu kama milioni 3.5 duniani mwaka 2021, kulingana na Shirika la Afya Duniani. Kati ya wanaokufa nao kabla ya kufikisha miaka 70, karibu 9 katika kila 10 wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazungu wavuta sigara peke yao. Ni wetu pia.

Jambo moja lazima tuliseme wazi. Mtu akikonda na kukohoa kwa muda mrefu, wako watakaosema ni chira, kwamba kuna mila aliyoivunja. Wengine watamtenga na kumpa kikombe chake peke yake wakisema TB imerudi. Makovu ya mapafu hayaambukizi. Moshi uliomo kifuani mwa nyanya hauwezi kumwambukiza mjukuu. Lakini usikisie. Mtu yeyote anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, hata kama aliwahi kutibiwa TB, apelekwe akapimwe makohozi. Dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Akishapimwa na kuonekana hana TB, midomo ya watu itafungwa, na mazoezi yataanza kwa amani.

KWA NINI KUKAA KUNAMHARIBU?

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo kiini cha mada yetu kilipo.

Msuli usiotumika hupungua. Umewahi kumwona mtu aliyevunjika mguu akitolewa plasta? Mguu ule huwa mwembamba kuliko mwenzake. Ndivyo inavyokuwa kwa mgonjwa anayekaa mchana kutwa. Misuli ya mapaja inalegea. Na msuli dhaifu unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Ni kama jiko bovu linalokula kuni nyingi na bado ugali hauivi.

Sasa mgonjwa akiinuka kwenda chooni, miguu yake dhaifu inadai hewa nyingi. Mapafu hayawezi kuitoa. Anahema, anaogopa, anarudi kuketi. Kesho anaogopa hata kujaribu. Kwa kuwa hajaribu, miguu inazidi kudhoofika, na siku inayofuata anahema kwa hatua chache zaidi. Huo ndio mzunguko unaomfikisha kitandani.

Makovu ya mapafu hayafutiki. Hilo nalisema kweli, nisikudanganye. Lakini miguu inaweza kurudi. Miguu ikipata nguvu, inadai hewa kidogo kwa kazi ile ile, na mapafu yale yale mabovu yanamtosha kufanya mengi zaidi. Ndiyo maana tunaanzia miguuni ingawa ugonjwa uko kifuani.

Jambo hili limejaribiwa karibu nasi. Pale Kampala, Uganda, madaktari wa Mulago waliwafanyisha mazoezi watu ambao mapafu yao yalibaki na makovu baada ya TB. Walikutana mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Watu wale waliweza kutembea mbali zaidi kuliko walipoanza, na wiki 6 baada ya kumaliza bado faida ilikuwepo. Mwaka huo huo, watafiti wa Australia walitoa matokeo ya wagonjwa wa COPD waliofanya mazoezi nyumbani kwao. Walitembelewa mara moja tu, kisha wakawa wakipigiwa simu kila wiki. Walipomaliza, walikuwa wamefaidika sawa na wenzao waliokuwa wakienda hospitalini. Kwa hiyo nyumbani panafaa. Kinachohitajika ni mpango na mtu wa kumtia moyo, na mtu huyo ni wewe.

KABLA YA KUANZA

Kwanza mgonjwa aonwe na mhudumu wa afya. Nenda naye kituo kilicho karibu, au Hospitali ya Rangwe, na ikibidi mtatumwa hospitali ya rufaa ya Homa Bay. Sema waziwazi: "Nataka kumfanyisha mazoezi ya kifua nyumbani. Je, moyo wake na presha yake vinaruhusu?" Ikiwa kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo, omba akuonyeshe. Kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hiyo mwandikishe mgonjwa kabla hajazidiwa.

Usianze mazoezi ikiwa mgonjwa ana homa, anatema damu, ana maumivu ya kifua yanayombana, presha yake iko juu sana na haijatulizwa, au ndiyo kwanza ameanza dawa za TB. Ngoja mhudumu akuruhusu.

SOMO LA KWANZA: KUTOA PUMZI

Mgonjwa anayehema huhangaika kuvuta hewa ndani. Kumbe shida kubwa mara nyingi ni hewa ya zamani iliyokwama. Mfundishe kuitoa. Mwambie hivi:

"Nyanya, legeza mabega. Funga mdomo, vuta hewa kwa pua polepole, hesabu moja, mbili. Sasa bana midomo kama unapuliza chai ya moto, toa hewa polepole, hesabu moja, mbili, tatu, nne."

Asipulize kwa nguvu. Chai isimwagike! Afanye hivyo akiwa ameketi, dakika chache, mara 3 kwa siku, hadi azoee. Baadaye atumie pumzi hii anapotembea na anapopanda ngazi. Kanuni ni moja: toa pumzi wakati wa kazi ngumu. Akiinuka kutoka kitini, anatoa pumzi. Akinyanyua ndoo, anatoa pumzi. Asiibane pumzi kamwe.

Mfundishe pia mahali pa kukimbilia pumzi ikimpotea. Aketi, ainame mbele kidogo, aegemeze viwiko juu ya magoti. Kama yuko njiani, aegemee ukuta au mti, mikono juu ya mapaja. Mkao huu husaidia misuli ya kupumua. Usimlaze chali, na usimzingire na watu kumi wanaopiga kelele.

SOMO LA PILI: KIPIMO CHA KUHEMA

Walezi wengi huogopa wakimwona mgonjwa anahema. Ndugu yangu, kuhema kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Bila kuhema kidogo, hakuna faida. Tunachotaka ni kipimo.

Mwulize: "Kutoka 0 hadi 10, unahema kiasi gani?" Sifuri ni kama ameketi tu na hahisi kitu. Kumi ni kuhema kupita kote alikowahi kuhema. Akiwa katika 3 au 4, hapo ndipo tunapotaka. Akifika 5 au zaidi, apunguze mwendo au asimame.

Kama hapendi namba, tumia maneno. Akiweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba wimbo wa kanisani, kipimo ni sawa. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi fupi, apumzike. Baada ya kupumzika dakika 5 hadi 10, pumzi inapaswa kutulia. Ikichelewa kuliko hapo, au kesho yake akaamka hoi, mazoezi yalikuwa mengi. Punguza, lakini usiache.

MAZOEZI YENYEWE

Chagua wakati wa baridi, kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au jioni jua likipungua. Asifanye mara baada ya kula. Ngoja angalau saa moja. Kama ana pampu ya kufungua kifua, avute dakika 10 hadi 15 kabla. Afanyie mahali pasipo moshi wala vumbi, amevaa viatu visivyoteleza. Aanze kwa mwendo wa polepole dakika chache, na amalize vivyo hivyo.

1. Kutembea. Hili ndilo zoezi kubwa. Tembeeni uani, kutoka mlangoni hadi langoni na kurudi. Weka kiti au gogo katikati ya njia ili ajue pa kupumzikia. Huna saa? Tumia redio. Nyimbo mbili ni kama dakika 7 au 8.

2. Kuketi na kusimama. Chukua kiti kigumu, egemeza ukutani kisiteleze. Asimame wima, kisha aketi polepole bila kujitupa. Mikono akiweza aikunje kifuani. Asipoweza, ajisukume kidogo kwa mikono. Zoezi hili ndilo linalomrudishia uwezo wa kwenda chooni.

3. Kuinuka kwa vidole. Ashike meza au ukuta, ainue visigino, ashushe polepole.

4. Kupanda kizingiti. Ashike mwimo wa mlango, apande kizingiti kwa mguu mmoja, ashuke, abadilishe. Wewe simama karibu naye.

5. Mikono. Jaza maji katika chupa 2 za nusu lita. Aketi, ainue chupa hadi usawa wa mabega, kisha juu ya kichwa kadiri anavyoweza, huku akitoa pumzi. Mikono yenye nguvu ndiyo itakayochana nywele na kusonga ugali.

KALENDA YA WIKI 8

Andika sasa. Kutembea ni siku 5 kwa wiki. Mazoezi mengine manne ni siku 3 kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine misuli ipumzike.

Wiki ya 1 na ya 2: atembee dakika 5, apumzike, atembee dakika 5 tena. Kila zoezi mara 5, apumzike, mara 5 tena.

Wiki ya 3 na ya 4: atembee dakika 15 kwa jumla, akipumzika inapobidi. Kila zoezi mara 8, awamu 2.

Wiki ya 5 na ya 6: dakika 20. Kila zoezi mara 10, awamu 2.

Wiki ya 7 na ya 8: dakika 30. Kila zoezi mara 10, awamu 3.

Je, kama mgonjwa ni dhaifu sana na hawezi hata dakika 5? Aanze na dakika 1, mara kadhaa kwa siku. Hata kutoka kitandani hadi mlangoni ni mwanzo. Mwingine atachelewa katika wiki ya 2 kwa mwezi mzima. Hakuna ubaya. Kalenda ni ya kumwongoza, si ya kumshindanisha.

Siku ya kwanza kabisa, pima kitu kimoja: katika sekunde 30 anaweza kusimama na kuketi mara ngapi? Andika. Baada ya wiki 8 pima tena. Mgonjwa mwenyewe akiona namba imepanda, hutahitaji kumbembeleza. Na baada ya wiki 8 asiache. Nguvu aliyoipata kwa kufanya itaondoka kwa kukaa.

Akipata homa au kifua kikaamka, asimamishe mazoezi, atibiwe, kisha aanze tena kwa nusu ya pale alipofika.

MAKOHOZI YASIKAE NDANI

Kwa wale wenye makohozi mengi, kukohoa kwa nguvu mfululizo huwachosha bure. Mfundishe njia hii. Aketi, apumue kwa utulivu mara kadhaa. Kisha avute pumzi ndefu mara 3 au 4. Halafu afungue mdomo na kutoa hewa kwa haraka, "haaa", kama mtu anayetaka kutia mvuke kwenye kioo ili akifute. Afanye "haaa" mara 1 au 2, apumzike kwa pumzi za utulivu, arudie. Makohozi yakifika juu, akohoe mara moja na kutema katika kopo lenye kifuniko, kisha yamwagwe chooni. Maji ya kunywa ya kutosha husaidia kulainisha makohozi, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo.

KAZI ZA NYUMBANI ZIWE MAZOEZI

Mama mgonjwa hataki kuwa mgeni nyumbani kwake. Mrudishie kazi, lakini uipange upya. Achambue mboga akiwa ameketi mezani, nje penye hewa. Badala ya mtungi wa lita 20, abebe wa lita 5, na mwingine atafuata baadaye. Aoge akiwa ameketi kwenye kigoda, taulo karibu. Kazi nzito moja asubuhi, nyingine jioni, si zote kwa pamoja.

Hapa nina neno kwa wake wa wana. Kwa mila zetu mke wa mwana ana mipaka ya heshima mbele ya baba mkwe. Hapana haja ya kuivunja. Mwana au mjukuu awe mwenzake wa kutembea na wa kumsaidia kuoga, na wewe uwe mwenye daftari. Mzee akijua kwamba kila jioni mtasoma hesabu zake, atatembea.

MOSHI, DAWA NA CHAKULA

Mazoezi bila kuondoa moshi ni kama kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka. Mgonjwa asikae jikoni wakati wa kupika. Pikia nje mvua isiponyesha. Tumia kuni kavu, na fungua madirisha pande mbili. Jiko la upesi hupunguza kuni na moshi, lakini haliumalizi, kwa hiyo hata nalo hewa ipite. Kama uwezo upo, gesi ni bora zaidi. Na katika nyumba ya mgonjwa wa mapafu, sigara isiwashwe, hata na mgeni wa heshima.

Dawa za pampu zitumike kama alivyoelekezwa. Wagonjwa wengi hupuliza dawa ikaishia kwenye ulimi. Muulize mhudumu akuonyeshe jinsi ya kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini ili pampu iingie sawasawa. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani, pampu inatikiswa na kubonyezwa mara moja, naye anavuta pumzi 4 au 5 za utulivu. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa hiyo iliwafaa watoto wenye pumu sawa na kifaa cha dukani. Kama pampu yake ni ya steroidi, asukutue mdomo kila baada ya kuitumia. Na usimnunulie vidonge vya kifua dukani kwa kusikia kwamba vilimfaa jirani.

Misuli haijengwi kwa uji mtupu. Mpe omena, maharagwe, mayai, maziwa, na mboga kama mrenda na mnavu. Tumbo likijaa sana linasukuma mapafu, kwa hiyo mpe chakula kidogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya sahani kubwa mara 2.

DALILI ZA HATARI

Simamisha mazoezi na umpeleke hospitali haraka ukiona:

– anahema hata akiwa ameketi, na hawezi kumaliza sentensi;
– ulimi au ndani ya midomo umegeuka rangi ya samawati au kijivu;
– amechanganyikiwa, au analala ovyo na haamki vizuri;
– kifua kinambana, au anazimia;
– anatema damu;
– pampu haimsaidii kama kawaida.

Mhudumu amwone siku hiyo hiyo akiwa na homa, makohozi yameongezeka na kubadilika rangi, au miguu imevimba. Njiani mgonjwa asafiri akiwa ameketi wima.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Mama yangu ana miaka 70. Je, si mzee sana kwa mazoezi?" La. Umri si kizuizi. Anaanza pale alipo.

"Je, mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya dawa?" Hapana. Dawa hufungua njia ya hewa, mazoezi hujenga nguvu. Vinakwenda pamoja.

"Mzee anakataa, anasema amechoka." Usimlazimishe, wala usimkaripie. Mpe safari yenye maana. "Baba, twende tukaone mahindi yamefika wapi." Mtu hutembea zaidi akiwa na pa kwenda.

NENO KWA MLEZI

Mama, nawe pia una mwili. Kumtunza mgonjwa peke yako mwaka baada ya mwaka kutakuangusha. Gawanya siku: Jumatatu ni ya huyu, Jumanne ni ya yule. Watoto wakitoka shule wanaweza kutembea na nyanya dakika 10. Lakini binti asiachishwe shule ili awe mlinzi wa mgonjwa. Mgonjwa anayepata nguvu ya kujiogesha anampumzisha mlezi wake pia. Mweleze pia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako, ili apite kuangalia daftari lenu.

KUMBUKA

– Pima TB kwanza, pata ruhusa ya mhudumu.
– Toa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa.
– Kuhema kwa kipimo cha 3 au 4 ni sawa.
– Kutembea siku 5, mazoezi mengine siku 3, kwa wiki 8, kisha kuendelea.
– Ondoa moshi, tumia dawa sawasawa, mpe chakula cha kujenga mwili.
– Zijue dalili za hatari.

Kesho asubuhi, kabla hujamletea kiti kivulini, mshike mkono mwende pamoja hadi langoni na kurudi. Andika dakika mlizotumia. Hiyo ndiyo siku ya kwanza.